Sarafu Iliyokutwa Ndani ya Redio ya Bibi

Watu wa Olasiti, mnanijua. Mimi ni Upendo, fundi redio na simu wa kile kibanda cha bluu, yule mnayesema mama yake alikosea jina. Jumatano ile mlituona mimi na Anasia tunaondoka na pikipiki, tumebeba mpini wa fagio uliofungwa redio, mkacheka mpaka mwenye genge akamwaga nyanya. Mmoja wenu akapiga kelele kwamba tunaenda kuwinda majini. Nilisimamisha pikipiki nirudi nimjibu, Anasia akanifinya kiuno: "Endesha." Haya, nimerudi. Nawaelezeni yote kwa mpangilio, na nikimaliza atakayebaki anacheka aje anichekee usoni.

Kilichotuondoa ni sarafu. Mimi nakusanya sarafu, na sikuanza kwa kupenda. Redio ikilegea springi ya betri, mtu wa kwetu haendi dukani kununua springi. Anachomeka kitu hapo: karatasi ya sigara, kipande cha kopo, au sarafu. Nafungua redio ya mzee mmoja, nakuta senti tano ya samaki. Nafungua nyingine, hamsini ya sungura. Wenyewe hawazitaki kwa sababu dukani hazinunui hata pipi, basi nikawa naziweka kwenye kopo la maziwa. Baadaye nikaanza kuangalia video kwenye simu, nikawa nauliza wazee, mpaka nikafika mahali naijua sarafu kwa kuipapasa tu. Hakuna aliyenifundisha. Redio nayo hakuna aliyenifundisha, na anayesema nikitengeneza hazidumu alete ushahidi.

Mwezi uliopita Anasia akaniletea redio ya bibi yake. Anasia ndiye fundi cherehani wa kibanda cha pili, rafiki yangu toka darasa la kwanza. Bibi yake ndiye aliyemlea, kule juu ya Maji ya Chai, kwa Wameru wenye kahawa na migomba. Watu wazima wanamwita Mama Anaeli. Nikafungua redio, na pale kwenye springi nikakuta senti kumi ya mkoloni, ile kubwa yenye tundu katikati na pembe mbili za tembo pembeni. Tundu lenyewe lilikuwa limepanuka kama limelazimishwa, na kuna kitu cheusi kimegandia kulizunguka.

"Bibi kaitoa wapi hii?" nikauliza.

Anasia akaacha kushona. "Ifiche. Usimwonyeshe mtu."

Ndipo akanisimulia. Babu yake, marehemu sasa, alirithi kwa baba yake mfuko wa turubai uliojaa senti za tundu. Pesa zilipobadilishwa senti zikakosa kazi, lakini mfuko ulibaki umening'inia nyumbani na ukoo mzima uliujua. Halafu siku moja haukuonekana tena. Babu alikuwa mtu wa maneno machache. Hakuulizwa, hakusema, akafa. Baada ya mazishi, mdogo wake, ambaye familia inamwita Babu Mdogo, akasimama mbele ya watu akauliza mfuko wa baba yao uko wapi. Akajijibu mwenyewe: Mama Anaeli kaupeleka kwa kaka zake. Toka hapo kila ukoo unapokaa, iwe harusi, kipaimara au msiba, mzee huyo lazima autaje. Na Jumamosi ile ukoo ulikuwa unakaa tena. Kaburi la Babu limejengewa, kuna ibada ya shukrani, mchungaji anakuja.

"Bibi amefunga begi," Anasia akasema. "Anaenda kwa dada yake mpaka ibada ipite. Hataki kuitwa mwizi juu ya kaburi la mume wake."

Mimi mtu akimgusa Anasia kanigusa mimi. Darasa la tatu nilimng'ata chalii mmoja mkono kwa ajili yake, na yule chalii hata leo akiniona anahama barabara. Nikamwambia: "Huo mfuko tunautafuta, na tunaupata kabla ya Jumamosi."

Kifaa nilikijenga mwenyewe. Unachukua redio yenye masafa ya kati, unaiweka mahali pasipo na kituo, unaibandika na kikokotoo kilichowashwa, unafunga vyote kwenye mpini. Ukipitisha karibu na chuma, mlio unabadilika. Redio iliyokuwa na masafa ya kati safi pale kibandani ilikuwa moja tu, ya Bibi. Nikaifunga hiyo hiyo kwenye fagio.

Saa moja asubuhi ya Jumatano tukaanzia upande usiotarajiwa, Olmotonyi. Kule karibu na chuo cha misitu anakaa mwalimu mstaafu, Mwalimu Temba, ambaye sifa zake za sarafu zimenifikia mpaka kibandani. Tulimkuta anamwagilia miche kwenye viroba, amevaa kandambili na koti la suti. Akatuingiza sebuleni, akatoa albamu za picha za harusi. Ndani hamna harusi hata moja. Kila mfuko wa plastiki una sarafu, na chini yake ameandika kwa kalamu nyekundu. Nilitaka kulia kwa wivu.

Nikampa yetu. Akavaa miwani, akavua, akaiweka chini ya lenzi, akanusa.

"Senti kumi," akasema. "Ziko nyingi. Hii yenyewe haifiki bei ya soda."

"Unasema?"

"Soda, binti. Lakini ngoja, hiki cheusi hapa..."

"Mzee, hii ni sarafu ya ukoo! Kuna mtu anaitwa mwizi kwa ajili yake, wewe unaipima na soda?"

"Sikatai. Nakuuliza, huyo babu alikuwa..."

"Alikuwa mtu wa heshima! Anasia, twende. Huyu ana albamu tu."

Anasia aliomba samahani kwa niaba yangu, kama anavyofanya siku zote, huku nikiwa nimeshapiga kiki. Mwalimu alitoka mpaka barazani na kandambili zake, akaita: "Binti! Muulizeni bibi kama mzee alikuwa..." Mengine yalimezwa na bomba la pikipiki, maana lina tundu na bado sijalitengeneza.

Saa nne tulishakatiza mjini na tunaitafuta barabara ya Moshi. Anasia nyuma ameshika fagio wima kama mbeba msalaba kwenye maandamano. Mbele ya Tengeru trafiki akatusimamisha.

"Hiyo nini?"

"Redio, afande."

"Mbona iko kwenye fagio?"

"Ili ishike mbali."

Akatuzunguka mara mbili. Nadhani alikuwa anatafuta kosa ambalo sheria imeliandika, hakulipata. "Nendeni," akasema, "lakini msiiwashe mkiwa barabarani."

Maji ya Chai tulisimama kununua sukari, mkate na majani ya chai, kwa sababu kwa Bibi huendi mikono mitupu hata kama umeenda kumwokoa. Kina mama wa ndizi walituona wakaacha kukimbilia basi. "Wanangu, hiyo mnauza?" mmoja akauliza. Nikamwambia haiuzwi, ni ya utafiti. Akamgeukia mwenzake: "Ya utafiti. Ndiyo maana haina fagio." Nikafungua mdomo. Anasia akanifinya tena. Mpaka leo kiuno changu upande wa kushoto kina rangi ya zambarau.

Kuanzia hapo unaiacha lami unapanda. Kadiri unavyopanda ndivyo migomba inavyosogeleana, na baridi ya Meru inakuingia kwenye mikono ya koti. Kwa Bibi kuna nyumba ya matofali, na jiko la mbao limesimama peke yake nyuma, limeezekwa bati la zamani lililogeuka rangi ya kahawia. Nyuma ya jiko, hatua chache tu, kuna mstari wa masale ya mpaka, na upande wa pili ni kwa Babu Mdogo. Ndiyo, huyo huyo. Anayemwita mwizi ni jirani yake, anamsikia akikohoa.

Bibi alitoka jikoni anafuta mikono kwenye kanga. Mfupi, macho makali.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, wajukuu zangu. Redio yangu iko wapi?"

Tukaangaliana. "Hiyo hapo," Anasia akasema kwa sauti ndogo.

Bibi akaitazama redio, akatazama fagio, akatazama kikokotoo. "Niliwapa ikiwa inakwaruza tu," akasema. "Sasa imepewa na mguu."

Tulikula loshoro kwanza, ule uji mzito wa mahindi na maziwa ya mgando, halafu nikamwekea sarafu mkononi nikamuuliza aliitoa wapi. Akachungulia mlangoni kuelekea kwa jirani ndipo akajibu.

"Niliokota nyuma ya jiko, pale matone ya bati yanapoangukia. Mvua kubwa ikipiga, mwaka mwingine inaonekana moja, mwaka mwingine hakuna. Nazificha. Huyo mzee akiniona na hata moja, ndiyo nimekwisha."

Nikaruka kwenye kigoda. "Bibi! Umezikalia! Babu kazifukia hapo nyuma, mvua inazifukua moja moja!"

"Kwa nini azifukie?"

"Watu wa zamani walikuwa wanafukia!"

"Watu wa zamani ni sisi," Bibi akasema. "Mimi sijafukia kitu." Lakini niliona macho yake yameanza kuangalia mlango wa nyuma.

Alhamisi asubuhi Bibi alikwenda kanisani kwenye maandalizi ya kina mama, tukabaki wawili na jembe. Nikawasha kifaa. Mwanzoni kilishika mtu anahubiri kwa lugha tusiyoijua, kwa uchungu mkubwa, nikamzungusha mpaka akapotea. Kisha tukaanza kupita. Kule kwenye kahawa, kimya. Kwenye migomba, kimya. Tukafika nyuma ya jiko, redio ikaunguruma kama lori linapanda mlima, na haikunyamaza.

"Labda ni bati," Anasia akasema, anaangalia juu.

"Bati liko juu, Anasia. Hazina huwa inafukiwa chini."

Naomba mnisamehe, hayo maneno niliyasema mimi kwa mdomo wangu.

Tukachimba. Saa ya kwanza tulipata kijiko. Saa ya pili kufuli isiyo na ufunguo, halafu nusu ya jembe, halafu ufunguo usio wa ile kufuli. Kila tukitoa kitu redio inaendelea kuunguruma, na mimi kila ikiunguruma napandwa na mori. Shimo likaenda, likaenda, likafika kwenye masale.

Sasa hapa nakiri. Wazazi wangu ni Wachaga wa Rombo, masale nayajua kabla sijajua kusoma. Yale majani marefu ndiyo mpaka wa shamba, hauhamishwi na mtu. Na ndiyo hayo hayo unampelekea mtu uliyemkosea. Akiletewa isale hawezi kukataa kusamehe, labda awe hana watu. Hayo yote nayajua. Ila mtu akiwa na jembe mkononi na redio inamngurumia sikioni, anaona majani tu. Nikang'oa moja. Nikang'oa la pili. Nikiwa nalivuta la tatu nikaona gumbuti mbili zimesimama mbele ya uso wangu.

"Endelea," sauti ikasema. "Yavute mpaka baba yangu aliyeyapanda atoke kaburini."

Nikainua macho. Babu Mdogo, mrefu kama nguzo ya umeme, ndoo ya pumba za nguruwe mkononi.

"Shikamoo, Babu," Anasia akasema.

"Sina marahaba. Mfuko mmekula, sasa mmeanza na ardhi?"

Mngenishauri ninyamaze. Anasia alinishauri kwa vidole. Lakini nilishasimama. "Mfuko nani kala? Mfuko una ushahidi gani? Miaka yote unamsema mama wa watu mbele ya wachungaji, kazi yako kunenepesha nguruwe na maneno!"

Akaweka ndoo chini taratibu. "Huyu ni wa nani?"

"Rafiki yangu, Babu. Wa Olasiti."

"Olasiti," akasema, kama mtu anayetaja ugonjwa. "Jumamosi nitawaambia ukoo wote. Mama Anaeli ameita watu wa Olasiti wang'oe mpaka."

Saa nane Bibi akarudi. Aliliona shimo, akayaona masale yamelala, na hakupiga kelele. Ningefurahi kama angepiga. Alikaa kwenye kigoda, akalivuta begi lake lililofungwa akaliweka karibu na mguu.

"Nilikuwa nasemwa kwa kitu ambacho sikufanya," akasema. "Sasa kipo nilichofanya."

Anasia akaanza kulia. Nilimuokoa Bibi mpaka nikammaliza. Nikaokota kijiko kutoka kwenye udongo, nikakifuta kwenye suruali, nikampa. Akakigeuza geuza.

"Hiki kilipotea harusi ya Anaeli," akasema. "Nilimsingizia shemeji yangu. Miaka yote." Akakiweka juu ya begi. "Kesho asubuhi utampelekea isale. Wewe mwenyewe. Na utasema kidogo."

Ijumaa saa mbili nilivuka mpaka nimeshika isale nililoling'oa mimi mwenyewe, maana Bibi alisema hakuna kukata jingine. Nilipiga magoti kwenye tope la mbele ya banda la nguruwe. Nguruwe wanne wakaja kutazama.

"Nimekosa, Babu. Naomba msamaha." Hayo tu. Ndani yangu yalikuwa yamepanga foleni mengine mia.

Alinitazama muda mrefu. Nadhani alikuwa anatafuta njia ya kukataa, na haipo. Akalipokea. "Nimesamehe," akasema, kwa uso wa mtu anayemeza dawa. "Masale mtayarudisha yalipokuwa. Na kwa kuwa mdomo wako nimeshauona una nguvu, nataka kuona mikono. Banda langu linavuja. Panda."

Saa nne nikawa juu ya banda la nguruwe na nyundo, Anasia chini kashika ngazi, Babu Mdogo anaelekeza kwa fimbo. Bati lilikuwa la umri ule ule na la jiko la Bibi, na kila kichwa cha msumari kimefunikwa donge la lami. "Ng'oa huo uliolegea, piga mpya," akasema. Nikaingiza nyundo, nikavuta. Msumari ukatoka na donge lake, na donge likapasuka mkononi mwangu.

Chini ya kichwa cha msumari, mahali ambapo huwa pana washa, ile pete ya kuzuia maji, palikuwa na duara la shaba. Nikalisugua kwa kidole gumba. Tundu katikati limepanuka kwa msumari. Lami nyeusi imegandia kulizunguka. Pembe mbili za tembo.

Nikasogea kwenye msumari wa pili, nikakwangua lami. Pembe za tembo. Wa tatu. Pembe za tembo.

"Umekufa huko juu?" Babu Mdogo akaita. "Mbona kimya?"

"Babu," nikasema, "hili banda aliezeka nani?"

"Kaka yangu. Nilikuwa Moshi kikazi. Nilirudi nikalikuta limesimama. Alinunua bati mara moja, akaezeka jiko lake na banda langu, mkewe akiwa kwao amejifungua. Washa zilikuwa hazipatikani madukani, sijui hata alizipata wapi."

Anasia chini ya ngazi akaguna kama mtu aliyekanyagwa.

"Panda uone," nikasema.

"Mimi nipande? Nina miaka mingapi?"

"Babu, tafadhali. Panda."

Alipanda, na gumbuti zake, analalamika kila ngazi. Nikamwonyesha. Alikwangua mwenyewe kwa ukucha, msumari mmoja, akahamia mwingine, akahamia mwingine, anatambaa juu ya paa kama mtoto. Alipofika katikati akakaa kitako.

"Nimelaza nguruwe chini ya senti za baba," akasema.

Na hapo bati lililooza likakubali kushindwa. Mguu wake wa kulia ukazama mpaka gotini, na tukasikia nguruwe chini wanaisogelea gumbuti. Mzee hakujisumbua kuutoa. Akabaki hivyo, mguu mmoja kwa nguruwe, ameshika senti ya baba yake.

"Hakuniambia," akasema.

"Ulimuuliza?" nikajibu. Anasia alikuwa mbali, hakuweza kunifinya. Lakini mzee hakukasirika. Alitikisa kichwa tu, hapana.

Mchana tulipanda na kwenye jiko la Bibi. Ni vile vile, kila msumari. Zile alizokuwa anaokota zilidondoka misumari ilipoliwa na kutu, zikateleza na maji ya mvua mpaka chini. Redio ilikuwa inangurumia bati, kama Anasia alivyosema, na sitaki kulizungumza zaidi. Tukafukia shimo, tukarudisha masale kwenye mstari wake, nikayamwagilia mara tatu.

Jumamosi saa tano ukoo ulikaa, viti vya kukodi vimejaa mpaka kwenye kahawa. Bibi alikuwa mstari wa mbele na gauni la zambarau, begi limerudi juu ya kabati. Mchungaji akamaliza sala. Halafu, kama kawaida, Babu Mdogo akasimama, na niliwaona watu wanaanza kutazama viatu vyao, maana wanajua kinachofuata.

Alikuwa ameshika isale.

Akatembea mpaka mbele ya Bibi, akanyoosha mkono. "Mke wa kaka," akasema kwa sauti ya watu wote kusikia, "zile senti za baba ziko juu ya jiko lako na juu ya banda langu. Kaka alizipigilia. Miaka yote nimekusingizia, nimekaa chini yake. Nimekosa."

Bibi alikuwa na kikombe cha chai. Akanywa funda moja. Akapuliza. Akanywa jingine. Mzee wa watu amesimama, mkono umenyooka.

"Ngoja nimalize chai," Bibi akasema. "Na mimi nilingoja."

Alimaliza taratibu, akaangalia hadi masalia ya kikombe, akakiweka chini, ndipo akalipokea. "Nimesamehe. Lakini jiko langu nalo linavuja."

Watu walicheka mpaka mchungaji akashika msalaba wa kaburi ili asianguke. Bibi naye hakukaa na deni: akaita shemeji yake kutoka mstari wa nyuma, akamwomba radhi kwa habari ya kijiko. Yule mama alikuwa amesahau kabisa kama alisingiziwa, sasa ndiyo akakasirika.

Jioni vijana wa ukoo wakataka kupanda kung'oa senti wagawane kumbukumbu. Bibi akasimama mlangoni mwa jiko. "Babu yenu alizipa kazi. Mkizing'oa, mvua inaingia. Mnataka nini, senti au chakula?" Mambo yakaishia hapo. Hazina ipo, tumeipata, na imebaki juu.

Jumapili baada ya ibada tukajiandaa kuondoka. Nilifungua redio kwenye fagio nikamkabidhi Bibi, nimeweka springi mpya safi. Akaiwasha, akasikiliza, akakunja uso. "Irudishie senti yangu," akasema. "Nayo ina kazi." Hivyo mimi mkusanyaji, niliyeivumbua hazina yenyewe, nilirudi bila hata moja. Kopo langu liko kama lilivyokuwa, mwenye mashaka aje achungulie.

Saa tisa badala ya kukata kona kurudi Olasiti, nikanyoosha mpaka Olmotonyi. Anasia hakuuliza. Mwalimu Temba alikuwa kwenye miche yake, kandambili zile zile. Nikazima pikipiki mbali, nikamwendea kwa miguu, nikamnyooshea jani la isale nililoomba kwa Bibi. Yeye ni Mchaga, hakuhitaji maelezo. Akalipokea kwa mikono miwili.

"Zilikuwa washa za bati," nikasema.

"Ndiyo nilikuwa nakwambia. Nilitaka kujua kama babu alikuwa fundi wa kuezeka. Kitu cheusi kile ni lami."

"Mbona hukusema, Mwalimu?"

Akanitazama juu ya miwani, halafu akamtazama Anasia, halafu akanitazama tena. Sikusubiri ajibu.

"Karibuni ndani," akasema. "Kuna senti nyingine nyingi, na kila moja ina habari yake ndefu."

Nikakaa kwenye kochi. Alifungua albamu ya kwanza, ukurasa wa kwanza, akaanza na tundu: kwa nini lipo, nani alikuwa anazitunga kwenye kamba, nani alizivaa shingoni. Mara nne nilikuwa na la kusema. Mara nne nililimeza. Alipofika albamu ya tatu, Anasia alikuwa amesinzia begani kwangu, vidole vyake bado vimetulia kiunoni mwangu upande wa kushoto, tayari. Safari hiyo hakuvihitaji.